Nyekundu Mbili Nyuma ya TV: Uchambuzi wa Kisa cha Kebo ya Komponenti

Mtu ana deki ya DVD nzima kabisa, ana TV ya flati, na siku zote ameziunganisha kwa kebo ya kawaida yenye vichwa vitatu: njano, nyeupe na nyekundu. Jamaa yake akamwambia kuwa nyuma ya deki kuna matundu mengine matatu, la kijani, la bluu na jekundu, yaitwayo komponenti, na kwamba akiyatumia hayo picha itakuwa safi zaidi. Akanunua kebo yenye vichwa vitano, vitatu vya picha na viwili vya sauti, akachomeka kila kichwa kwenye tundu la rangi yake. Picha ikaja nyeusi na nyeupe. Akadhani kebo ni mbovu, akairudisha, akapewa nyingine. Matokeo yakawa yale yale. Alipobonyezabonyeza rimoti, rangi zikatokea, lakini nyuso za watu zilikuwa za rangi ya zeituni, shati jekundu la mhusika lilikuwa kijani iliyokolea karibu na nyeusi, na spika ya kulia ilikuwa ikinguruma. Mpaka hapo alikuwa ameshaamua kuwa deki imekufa. Ndipo akaita fundi, na fundi mwenyewe nikawa mimi.

Hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Kulikuwa na makosa mawili ya uunganishaji, moja limefichwa na jingine, na yote mawili yalikuwa yameandikwa wazi kwenye kioo cha TV. Ndiyo sababu napenda komponenti kuliko HDMI, ile kebo moja ya kisasa ya dijitali inayobeba picha na sauti pamoja, linapokuja suala la kutafuta hitilafu. HDMI ikikataa mara nyingi hukupa kioo cheusi na maneno kwamba hakuna mawimbi. Komponenti hukosea kwa namna inayokuonyesha ni waya upi umekosea.

Tuanze na picha isiyo na rangi. Nilipogeuza TV niliona tundu la kijani lina duara la njano pembeni. Alama hiyo iko kwenye TV nyingi, na wengi huipita bila kuitazama. Maana yake ni kwamba mtengenezaji, kwa kubana nafasi, amelipa tundu moja kazi mbili. Ukichagua “AV” kwenye rimoti, tundu hilo linangoja picha ya kompoziti, yaani ile ya waya wa njano. Ukichagua “Component”, linangoja waya wa kijani wenye wenzake wawili pembeni. TV ya bwana huyu ilikuwa bado kwenye “AV”, mahali ilipokaa miaka yote.

Kwa nini basi haikuwa kioo kitupu? Kwa sababu waya wa kijani haubebi rangi ya kijani. Unabeba mwangaza wa picha nzima, ambao mafundi huuita Y. Mwangaza huo hupatikana kwa kuchanganya rangi tatu za msingi kwa viwango visivyolingana: katika picha za DVD, asilimia 29.9 ya nyekundu, asilimia 58.7 ya kijani na asilimia 11.4 ya bluu. Viwango hivyo vinafuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani kuwa angavu kuliko bluu hata nguvu zake zikiwa sawa. Waya huo huo hubeba pia mapigo ya kuoanisha, yale yanayoiambia TV mstari unaanzia wapi na picha mpya inaanza lini. Kipimo chake ni volti 1 kutoka chini hadi juu: 0.7 ni ya picha, 0.3 ni ya mapigo. Kwa hiyo waya wa kijani peke yake ni picha kamili ya nyeusi na nyeupe, yenye kila kitu isipokuwa rangi.

TV iliyo kwenye “AV” inatarajia waya mmoja wenye mwangaza, na juu ya mwangaza huo kuwe na wimbi la kubeba rangi, la megahezi 4.43 kwa PAL au 3.58 kwa NTSC, mifumo miwili ya TV ya rangi inayotofautiana nchi kwa nchi. Ikipata mwangaza bila wimbi hilo, inahitimisha kuwa kipindi ni cha nyeusi na nyeupe na inazima sehemu yake ya rangi. Haikukosea. Tabia hiyo imewekwa ndani yake makusudi, na ina historia ndefu. Mhandisi Mfaransa Georges Valensi aliweka wazo la kutenganisha mwangaza na rangi katika hataza yake ya mwaka 1938. Marekani ilipoidhinisha mfumo wa rangi wa NTSC Desemba 1953, sharti kubwa lilikuwa kwamba mamilioni ya watu waliokwisha kununua TV zisizo na rangi waendelee kutazama matangazo mapya bila kubadilisha chochote, na TV mpya za rangi nazo ziweze kuonyesha matangazo ya zamani. Deki ya bwana huyu ilikuwa inazungumza na TV yake kwa utaratibu uliopangwa kabla yake hajazaliwa.

Sasa angalia picha hiyo isiyo na rangi inasema nini. Kwanza, waya wa kijani ni mzima kutoka ncha hadi ncha. Pili, deki imewekwa kutoa komponenti. Tatu, na hili wengi hawalifikirii, deki inatoa mistari ya picha kwa mtindo wa kupishana, yaani mmoja ndiyo mmoja siyo, kisha iliyorukwa, ule unaoandikwa 576i au 480i. Kama ingekuwa kwenye progresivu, yaani mistari yote kwa mfuatano bila kuruka, mistari ingekuja kwa kasi ya takriban kilohezi 31 badala ya 15.6 au 15.7, na mlango wa “AV” usiojua kasi hiyo ungeonyesha picha iliyochanika au usionyeshe kitu. Habari zote tatu ni njema. Yule aliyembadilishia kebo dukani hakuangalia picha, alisikiliza malalamiko tu.

Baada ya kuhamia “Component” rangi zilikuja, na hapo ndipo kosa la pili lililokuwa limejificha lilipotokeza. Lilijificha kwa sababu, TV ikiwa kwenye “AV”, matundu ya bluu na jekundu ya picha hayasomwi kabisa. Unaweza kuchomeka humo chochote usione tofauti. Ngurumo ya spika, ukweli ni kwamba, ilikuwepo tangu mwanzo. Alipoulizwa vizuri alikiri kuwa aliisikia, ila akili yake ilikuwa kwenye picha.

Waya wa bluu na mwekundu haubebi bluu wala nyekundu kamili. Kila mmoja unabeba tofauti: wa bluu, uitwao Pb, unabeba bluu ukiondoa mwangaza, na mwekundu, uitwao Pr, unabeba nyekundu ukiondoa mwangaza. Vipimo vyake hupanda na kushuka kuzunguka sifuri, kutoka volti 0.35 chini hadi 0.35 juu. Kijani hakihitaji waya wake, maana TV ikishajua mwangaza wa jumla, nyekundu na bluu, kilichobaki kwenye hesabu ni kijani. Lililo muhimu kwa fundi ni hili: mahali popote penye nyeupe, kijivu au nyeusi, nyaya hizi mbili ziko sifuri. Kwa hiyo waya wa rangi ukikatika, nyeupe inabaki nyeupe na maandishi meupe yanabaki safi. Kinachoharibika ni vitu vyenye rangi tu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapa. Majina ya waigizaji, meupe juu ya giza, yalisomeka bila doa. Anga lilikuwa bluu. Lakini kila chenye wekundu kilikuwa kimenyang'anywa wekundu wake. Hesabu yake inaonekana vizuri kwenye lile shati. Kwa kipimo cha sifuri hadi moja, nyekundu kamili ina mwangaza wa 0.299, Pb iliyo chini ya sifuri kidogo, na Pr ya juu kabisa. Futa Pr, na nyekundu inashuka hadi 0.299, kijani inapanda kidogo hadi kama 0.36, bluu inakwisha. Hiyo ni zeituni ya giza, tena iliyoelemea kijani, kama alivyoiona. Ngozi ya binadamu, ya rangi yoyote ile, ina wekundu mwingi na bluu kidogo, ndiyo maana nyuso ndizo za kwanza kulalamika Pr inapopotea. Angekosa Pb badala yake, nyuso zisingeharibika sana, ila anga lingepauka na manjano yangefifia. Na kama Pb na Pr zingekuwa zimebadilishana matundu, nyuso zingekuwa za bluu na bahari ingekuwa nyekundu, jambo ambalo halihitaji fundi kulitambua.

Basi Pr haifiki. Iko wapi? Spika ya kulia ilikuwa inajibu. Ngurumo yake haikuwa ya kudumu: ilibadilika picha ilipobadilika, ikapanda penye rangi nyingi na kutulia kioo kilipokuwa cheusi. Sauti inayofuata picha namna hiyo ni picha yenyewe iliyoingia kwenye tundu la sauti. Mapigo yake ya mara 50 au 60 kwa sekunde yako ndani ya uwezo wa sikio, na hayo ndiyo yanayonguruma.

Nilipomwambia nyekundu zimepishana alikataa kwa nguvu. “Fundi, nyekundu iko kwenye nyekundu. Angalia mwenyewe.”

Na kweli ilikuwa kwenye nyekundu. Kila kichwa kilikuwa kwenye tundu la rangi yake, deki na TV, na bado uunganishaji ulikuwa na kosa. Kebo ya komponenti yenye sauti ina vichwa viwili vyekundu kila upande, kimoja cha Pr na kimoja cha sauti ya kulia, na matundu nayo yana nyekundu mbili. Upande wa deki alikuwa amevipanga sawa. Upande wa TV alivipishanisha. Waliochagua rangi ya sauti ya kulia na waliochagua rangi ya Pr hawakuonekana kujali kwamba siku moja vingekaa pamoja kwenye ubao wa sentimita chache, na mimi huwaona hao kuwa ndio wenye lawama kuliko mtu yeyote anayeinama nyuma ya TV kwenye giza.

Angekosea pande zote mbili kwa namna ile ile, kila kitu kingefanya kazi. Waya ni waya. Pr ingesafiri kwenye waya ulioandikiwa sauti, sauti ingesafiri kwenye waya wa Pr, na kila kimoja kingefika kinakotakiwa. Kinachovunja mambo ni kupishanisha upande mmoja. Sauti iliyoingia kwenye tundu la Pr haikuleta vurugu kubwa kwenye picha kwa sababu tundu la picha lina mzigo wa omu 75, na mkondo mdogo wa sauti kutoka kwenye deki huzama pale bila kuonyesha nguvu. Kwa hiyo dalili ikaegemea upande mmoja: rangi inakosekana, spika inanguruma, na hakuna kitu cha ajabu kinachoelea kwenye kioo cha kumfanya mtu ashuku sauti.

Njia ya kujua nyekundu ipi ni ipi bila kipimo chochote ni kuchomoa zote mbili upande wa TV, kisha kuchomeka moja kwenye tundu la sauti ya kulia. Ukisikia maneno, umepata. Ukisikia ngurumo, ni ile nyingine. Tulifanya hivyo, nyuso zikarudi kuwa za watu. Nilizungusha kipande cha utepe mweupe wa karatasi wenye gundi kwenye nyekundu ya sauti, ncha zote mbili, maana TV itahamishwa tu siku moja.

Je, ilikuwa na thamani usumbufu wote huo? Hapa sikubaliani kabisa na jamaa yake, wala simpingi kabisa. Tuliweka diski ile ile mara mbili, kwanza kwa waya wa njano, kisha kwa komponenti. Kwenye waya wa njano, mwangaza na rangi husafiri pamoja kama watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja kwenye simu moja, na TV lazima ikisie lipi limesemwa na nani. Ikikosea, kingo za vitu vya rangi kali hujaa vinukta vinavyotambaa, na shati la mistari myembamba huwaka rangi za upinde wa mvua ambazo halina. Komponenti iliviondoa vyote viwili. Maandishi mekundu ya menyu, yaliyokuwa yamevuja kingo, yakakaa imara. Kwenye tukio la giza lenye nyuso za karibu, bwana mwenyewe hakuona tofauti, na hakukosea, kwa sababu pale waya wa njano hauna mistari myembamba ya kuukosesha.

Ambacho komponenti haikuweza kufanya ni kuongeza kilichomo kwenye diski. DVD ina nukta 720 kwa 576, au 720 kwa 480 kwa nchi za NTSC, na rangi yake imehifadhiwa kwa nusu ya hiyo kila upande, 360 kwa 288 au 360 kwa 240. Imehifadhiwa hivyo hivyo ikiwa imetenganishwa mwangaza na tofauti mbili za rangi, ndiyo maana deki na komponenti zinaelewana sana: kilicho kwenye diski hupita kwenye nyaya tatu bila kuchanganywa. Kebo yenyewe inaweza kubeba 720p na 1080i, viwango vya picha vya juu kuliko vya DVD, bila shida. Ila deki zinazokuza picha za DVD kufikia viwango hivyo, kwa diski zenye ulinzi, hufanya hivyo kupitia HDMI tu. Asitarajie miujiza kutoka kwenye kijani.

Kilichobaki kilikuwa progresivu, na hapa ningemwonya mtu yeyote aende polepole. Kwenye menyu ya deki kuna mahali pa kuchagua kati ya mistari ya kupishana na progresivu, ambayo hutuma picha nzima kwa mkupuo. TV yake iliipokea bila kusita. Lakini baadhi ya TV za chogo zenye matundu ya komponenti hupokea mistari ya kupishana pekee, na ukiwasha progresivu picha inapotea pamoja na menyu uliyotumia kuiwasha. Mtu anabaki na kioo kitupu na hawezi kurudi alikotoka. Njia ya kujinasua ni kuacha ule waya wa njano umechomekwa kwenye tundu jingine la AV kabla ya kugusa menyu, ingawa deki nyingine huzima waya wa njano zikiwa kwenye progresivu. Baadhi zina kitufe cha mbele cha kurudisha hali ya mwanzo. Kwa TV ya flati kama hii faida yake ni ndogo, kwa kuwa TV yenyewe hulazimika kuunganisha mistari ya kupishana kabla ya kuionyesha. Swali linakuwa nani anaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, deki au TV, na jibu hupatikana kwa kutazama mpira wa miguu au kamera inayozunguka polepole, kisha kubadilisha na kutazama tena. Kwake deki ilishinda kidogo, tukaiacha hapo.

Menyu hiyo hiyo ya deki ina mtego mwingine ambao hakuuangukia. Deki nyingi hutaka uchague kati ya komponenti na RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake, ile ya soketi pana ya SCART. RGB ikitumwa kwenye TV inayotarajia komponenti, rangi zote huvurugika mpaka na nyeupe, tofauti na kisa hiki ambapo nyeupe ilisalimika. Komponenti ikitumwa kwenye kioo cha RGB, kila kitu huzama kwenye kijani. Nyeupe ikiharibika, acha kebo, nenda kwenye menyu.

Kuhusu kebo mbili alizozunguka nazo: zote zilikuwa nzima, na hata hakuhitaji kununua. Ile ya zamani ya njano, nyeupe na nyekundu ingetosha kwa picha, ikichomekwa kwenye kijani, bluu na nyekundu kwa mpangilio wowote alimradi ufanane pande zote mbili, kisha atafute nyaya mbili nyingine za sauti. Nyaya za sauti si lazima ziwe zimetengenezwa kwa omu 75, na kwa urefu mkubwa hilo lingeonekana kama vivuli pembeni mwa kingo. Kwa mita moja na nusu, sijawahi kumpata mtu aliyeona. Waya wa majaribio wa namna hiyo ungemjibu papo hapo kama kebo ni mbovu, kabla ya safari ya dukani. Dhahabu iliyopakwa kwenye vichwa vya kebo ghali huzuia kutu, basi.

Aliuliza mwisho kama atakapobadilisha TV kebo hii itamfaa. Kwa deki hii ya DVD, ndiyo, alimradi TV mpya iwe na matundu hayo, na mengi yanatoweka. Nyingine zimebaki na kitundu kidogo cha milimita 3.5 kinachohitaji waya wake maalumu uliokuja na TV, na huo ukipotea wa TV nyingine unaweza usikubali kwa kuwa mpangilio wa ndani hutofautiana. Upande wa Blu-ray, diski za ubora wa juu zilizofuata DVD, mlango ulifungwa kwa makubaliano ya ulinzi wa diski: deki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2010 zilibanwa zisitoe picha zilizolindwa kwa komponenti kwa ubora wa juu, na baada ya 2013 deki mpya hazikuruhusiwa tena kutoa picha hizo kwa njia za analogi. TV ikiwa na HDMI tu, itabidi anunue kibadilishi kinachochomekwa umeme wake chenyewe, maana waya mtupu wenye komponenti upande mmoja na HDMI upande mwingine hauwezi kugeuza analogi kuwa dijitali. Ahesabu matundu kabla ya kulipa: kinachotakiwa kina matano. Chenye matatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, kinapokea kompoziti peke yake.